Kwa nini mkanda wa kwadi hukatikia mchangani

Msomaji mmoja wa pwani ya mashariki ya Unguja ameniandikia hivi, nimemfupisha kidogo: "Fundi, assalaam aleykum. Nina kwadi sita, zile pikipiki za magurudumu manne, za kukodisha watalii. Nne ni za Kichina, cc 150. Mbili ni kubwa, cc 500. Msimu huu nimeshapoteza mikanda mitano, na yote imefia mchangani, hakuna hata mmoja uliokatika barabarani. Fundi wa kwanza kaniambia rola. Wa pili kasema niweke springi ngumu. Wa tatu kasema niuze zote ninunue za gia. Mimi hata sielewi, pikipiki isiyo na gia inabadilishaje mwendo? Na kwa nini mkanda ufie palepale?"

Waaleykum salaam, ndugu yangu. Hukuniambia mikanda mingapi ilikuwa ya kwadi kubwa na mingapi ya ndogo, na nusu ya jibu inategemea hapo. Lakini hilo la mchangani limeniambia mengi. Watu hudhani mkanda hukatwa na mbio. Ingekuwa hivyo, yako ingekatikia barabara ya lami ambako wageni hujaribu kushindana na daladala. Mkanda ukishika mbio huwa umetulia, umebanwa sawasawa, unapigwa na upepo. Kinachouua ni mwendo wa kobe huku kidole gumba cha mgeni kimebonyeza mafuta hadi mwisho. Kwa nini iwe hivyo? Lazima kwanza nikufungulie kava.

Tuanze na mashine ya kusaga unga, ile ya mtaani. Mota ina puli yake, kinu kina puli yake, na mkanda unaziunganisha. Puli ya mota ikiwa ndogo na ya kinu kubwa, kinu kinazunguka taratibu kuliko mota lakini kina nguvu, hata umwage debe zima la mahindi. Ukizigeuza, kubwa ukaiweka kwenye mota, kinu kitalia kwa mbio, ila ukimwaga mahindi mengi kwa mara moja kinazimika. Hiyo ndiyo gia ya kwanza na gia ya mwisho. Sasa chukulia kwamba puli hizo zingeweza kunenepa na kukonda zenyewe, mashine ikiwa bado inazunguka. Kwadi yako haina zaidi ya hapo.

Zinanenepaje? Kila puli ni sahani mbili zilizochongwa mshazari na kuwekwa mgongo kwa mgongo, kama visahani viwili vya kikombe vilivyogusana matako. Kati yao pana mfereji wa umbo la V, na mkanda wako una mbavu za mshazari huohuo ili ukae humo vizuri. Sahani moja imefungwa kwenye shafti, nyingine inaweza kuteleza kuja na kwenda. Zikiachana, mkanda unazama chini hadi karibu na shafti, na puli imekuwa ndogo. Zikisogeleana, mkanda unasukumwa juu ukingoni, na puli imekuwa kubwa. Urefu wa mkanda haubadiliki na shafti zenyewe hazisogei, kwa hiyo mkanda ukipanda kwenye puli ya mbele, ile ya injini, hauna budi kuzama kwenye puli ya nyuma, ile inayoingia giaboksi. Ukianza safari, mbele ni ndogo na nyuma ni kubwa: injini inazunguka karibu mara tatu ndipo puli ya nyuma izunguke mara moja. Ukishachanganya mbio, mambo yamegeuka, na puli ya nyuma inazunguka haraka kuliko injini yenyewe. Kati ya miisho hiyo miwili hakuna ngazi. Ni kama kupanda kilima badala ya kupanda ngazi, ndiyo maana husikii gia ikiingia.

Anayesukuma sahani ya mbele ni rola za fundi wako wa kwanza, au kwenye kwadi kubwa nyingi, vyuma vizito vyenye umbo la mkono vinavyoning'inia kwenye pini. Umewahi kuona watoto wakifukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga kwa teo? Kadiri teo linavyozungushwa haraka, ndivyo jiwe linavyovuta kamba kwenda nje. Rola ni mawe hayo. Injini ikizunguka haraka, zinatupwa nje, zinakutana na ukuta wa mshazari, na ukuta huo unageuza msukumo wa kwenda nje uwe msukumo wa kwenda pembeni, juu ya sahani. Na ukumbuke hesabu hii, kwa sababu itaturudia: mizunguko ya injini ikiongezeka mara mbili, nguvu ya rola haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Maana yake upande wa pili pia ni kweli. Injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, mshiko wa sahani za mbele juu ya mkanda ni dhaifu sana, dhaifu kuliko watu wanavyofikiri.

Puli ya nyuma nayo ina akili yake. Ina springi inayozibana sahani ili mkanda ukae juu, na ina mifereji ya mshazari ambamo pini zinateleza. Magurudumu yakikutana na mzigo, tuseme mlima au mchanga, sahani moja inajaribu kubaki nyuma ya mwenzake. Pini zinapanda kwenye mfereji, na mfereji unazisukuma sahani zibanane zaidi. Mkanda unapandishwa nyuma kwa nguvu, mbele unazamishwa, na mwendo unashuka kwenye gia nzito bila mtu kugusa kitu. Kwa hiyo mbele panapima mizunguko ya injini, nyuma panapima mzigo, na mkanda unakaa pale wawili hao walipokubaliana. Mimi huwa nawaambia vijana wa gereji kwamba hakuna kompyuta humo ndani, ni ugomvi wa rola na springi tu, na mkanda ndio mpatanishi. Mpatanishi ndiye anayeumia.

Si ujuzi wa jana. Mholanzi Hub van Doorne aliuweka kwenye gari dogo la DAF 600 mwaka 1958 kule Eindhoven, na kwa kuwa gari lile halikuwa na gia za kawaida, liliweza kurudi nyuma kwa mbio sawa na kwenda mbele. Waholanzi wakaja kufanya mashindano ya magari yanayokwenda kinyumenyume. Kwenye pikipiki za magurudumu manne, Polaris wa Minnesota, Marekani, waliuleta mwaka 1985 kwenye Trail Boss, wakiutoa kwenye mashine zao za kutembelea thelujini. Hebu litafakari hilo kidogo. Mkanda huu umelelewa kwenye barafu, ambako kava yake hupozwa na theluji siku nzima. Sisi tunaupeleka Unguja saa saba mchana mwezi wa Februari, juu ya mchanga.

Sasa turudi kwenye kwadi zako sita, maana ni koo mbili tofauti na zinakufa vifo tofauti.

Zile mbili kubwa, kama ni za aina iliyo nyingi sokoni, hazina klachi nyingine mbele ya mkanda. Injini ikiunguruma bila kubonyezwa, sahani za mbele zimeachana kabisa na mkanda umelegea katikati bila kubanwa. Ukibonyeza mafuta, sahani zinasogea na kuushika. Yaani mkanda wenyewe ndio klachi. Mshiko unaanza kwa kuteleza kidogo, kama klachi yoyote, na kuteleza ni joto. Kwadi ikiondoka mara moja, kuteleza kumedumu kufumba na kufumbua na joto linasahaulika. Kwadi isipoondoka, kwa sababu magurudumu yamezama, puli ya mbele inazunguka huku mkanda umesimama. Chuma kinasugua raba mahali pamoja. Sekunde chache tu zinatosha kuula mkanda pande zote mbili hadi uwe na kiuno kama cha nyigu. Siku hiyo unaweza usikatike. Mgeni anavutwa kutoka mchangani, safari inaendelea, na kesho yake unasikia dug, dug, dug kila unapoanza kuondoka: ni kile kiuno kinapita kwenye puli. Unakatika siku ya tatu, mikononi mwa mgeni mwingine kabisa, ambaye hakufanya kosa lolote, nawe unamlaumu yeye.

Aina hii si zote. Yamaha kwenye Grizzly huweka klachi ya peke yake, mbali na mkanda, inayoogelea kwenye oili, na mkanda wao haulegei hata injini ikiwa inaunguruma tu. Kama kubwa zako ni za namna hiyo, vifo vya kiuno utaviona kwa nadra. Fungua kava injini ikiwa imezimwa, uguse mkanda kwenye puli ya mbele. Ukizunguka kwa kidole bila kushikwa na puli, ni ya aina ya kwanza.

Zile nne za cc 150 nadhani zina injini ya ukoo wa GY6, ileile iliyo kwenye skuta za Kichina. Huko klachi iko nyuma, baada ya mkanda: vipande vya breki vinavyotanuka kwa mzunguko na kushika bakuli la chuma. Injini ikiwaka, mkanda unazunguka muda wote, hata kwadi ikiwa imesimama. Kwa hiyo magurudumu yakizama, kinachoteleza kwanza ni vile vipande ndani ya bakuli. Fungua uangalie bakuli: likiwa na rangi ya buluu au zambarau kama sufuria iliyosahaulika jikoni, limeungua. Mkanda wa GY6 ukifa kwa kuteleza huwa si kwa kiuno kimoja, ni kwa joto la polepole lililoenea kote. Joto hilo linatoka kwenye bakuli hilohilo, kutoka kwenye kava iliyojaa vumbi, au kutoka kwenye mzigo wa wageni wawili wenye kilo 90 kila mmoja juu ya kwadi iliyoandikwa mtu mmoja.

Sasa kwa nini mchanga? Lami hairudishi nyuma. Mchanga laini unakunywa nguvu: magurudumu yanachimba, yanasukuma tuta mbele yao, na kila mita unapanda kilima ambacho hakionekani. Mzigo ni mkubwa, mwendo ni mdogo, mizunguko ya injini haijafika mahali ambapo rola zinabana kwa nguvu. Kumbuka ile hesabu ya mara nne. Halafu feni. Kwenye mgongo wa sahani ya mbele pana mapezi yanayovuta hewa ya kupoza. Injini ikizunguka taratibu, feni nayo ni taratibu. Yaani wakati mkanda unatengeneza joto jingi ndio wakati hewa ni kidogo. Ongeza kwamba msafara wa watalii hauendi kwa mbio: kiongozi yuko mbele kwa mwendo wa baiskeli, kila mtu nyuma anabonyeza na kuachia, bonyeza, achia. Na wageni wengi wakiogopa hushika breki huku kidole gumba hakijatoka kwenye mafuta. Fundi hawezi kutengeneza spea ya kuvumilia hilo.

Tatizo jingine ni picha. Wageni wanataka picha na bahari nyuma, kiongozi anasimamisha msafara ufukweni kwenye mchanga mkavu wa juu, kwadi zinazama inchi mbili, halafu zote sita zinatakiwa ziondoke pale zilipo. Hapo ndipo mikanda inapofia, nakuhakikishia. Simamisheni msafara kwenye mchanga mgumu uliolowa au kwenye mwamba, mtu atembee hatua ishirini kwenda kupiga picha yake.

Kwa zile kubwa, dawa ya kwanza ni bure na ipo tayari kwenye leva: herufi L, yaani gia ya mwendo wa taratibu. Watu wengi wanaiona L kama ya kuvutia magogo tu. L iko ndani ya giaboksi, baada ya mkanda. Ukiweka L, mwendo wa magurudumu ni uleule lakini puli ya nyuma inazunguka haraka zaidi na mkanda unabeba mzigo mdogo zaidi. Injini inapanda mizunguko, rola zinabana, feni inapuliza. Kila kitu kinachoulinda mkanda kinafanya kazi kwa pamoja. Polaris kwenye vitabu vyao vya mmiliki hushauri L pale mwendo wa wastani ukiwa chini ya maili 7 kwa saa, yaani kama kilomita 11. Misafara mingi ya pwani niliyowahi kuifuata inazunguka hapohapo. Mimi nilifanya jaribio la kienyeji na kwadi mbili zinazofanana kwenye njia moja ya mchanga, moja kwenye H, ile gia ya mwendo wa kawaida, nyingine kwenye L, nikazizima na kuweka kiganja juu ya kava. Ya L niliweka kiganja nikahesabu hadi kumi. Ya H nilikitoa kabla ya mbili. Fanya hivyo kila kituo, utajua kwadi ipi inaumwa kabla haijakuambia yenyewe. Na usibadilishe H kwenda L ukiwa unatembea. Simama kabisa, la sivyo utaokoa mkanda na kupoteza giaboksi.

GY6 zako kwa kawaida zina mbele, nyutro na rivasi tu, L haipo. Hapo ndipo fundi wako wa kwanza ana haki kidogo. Rola sita zilizo ndani zikipungua uzito, puli ya mbele inachelewa kubana, injini inapanda mizunguko zaidi kabla ya kubadilisha mwendo, na kwadi inabaki kwenye gia nzito muda mrefu zaidi. Kwa mchanga hilo ni jema. Utapoteza mbio za mwisho, na kwa biashara yako hilo ni jema mara mbili. Punguza kidogokidogo, gramu moja au mbili kwa kila rola, na zote sita ziwe uzito mmoja. Lakini kama alichomaanisha ni kwamba rola zimechakaa, zitoe uzitazame: rola ikiwa na upande bapa kama ndala iliyolika kisigino, haizunguki tena, inakwama, na kwadi inakataa kubadilisha mwendo sawasawa. Hizo ni za kutupa.

Fundi wa pili na springi yake ngumu, mpe sikio moja. Springi ya nyuma ikiwa imechoka, kweli mkanda unateleza, na mpya ya kawaida itasaidia. Ukiweka ngumu kuliko ya kiwandani, umeubana mkanda zaidi muda wote, hata pale usipohitaji, na raba inayobanwa na kukunjwa inazalisha joto lake yenyewe. Nimeona watu wakitibu kuteleza kwa springi ngumu na kuishia kupata mikanda inayokatika nyuzi. Anza na kupima, springi ije baadaye.

Upime nini? Upana wa mkanda. Kwenye mkanda wa GY6 utaona namba kama 842-20-30 au 743-20-30. Ya kwanza ni urefu kwa milimita, ya pili ni upana, ya tatu ni digrii za mshazari wa mbavu. Usinunue kwa kusema "nipe wa kwadi ya mia na hamsini", kwa sababu injini za kava ndefu na za kava fupi hazitumii mkanda mmoja, soma namba. Mkanda wenye upana wa milimita 20 ukishalika hadi 18, mimi nautoa hata kama unaonekana mzima, maana umeshazama kwenye mfereji na sahani hazimalizi safari yake. Kwenye kwadi kubwa tafuta kipimo kwenye kitabu chake. Mkanda mwembamba humo unazilazimu sahani zisafiri mbali zaidi kabla ya kuushika, na kila kuondoka kunakuwa kwa kushtuka.

Halafu maiti zisomwe. Tafadhali usitupe mikanda iliyokufa. Kiuno mahali pamoja nimeshakueleza: tairi zilizama, mafuta yakabonyezwa. Mbavu zinazong'aa kama kioo na kuwa ngumu mzunguko mzima ni kuteleza kwa muda mrefu, yaani H kila mahali, au mkanda uliochakaa, au hewa imeziba. Nyuzi zinazochomoza ukingoni upande mmoja tu ni habari nyingine: puli hazijakaa mstari mmoja, pengine raba za kushikilia injini zimekufa, au fundi aliuingiza mkanda kwa kuukwangua na bisibisi. Hilo la bisibisi nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Meno ya ndani yakiwa yamenyofoka na mkanda umepasuka, ni mshtuko: magurudumu yalikuwa yanazunguka hewani au kwenye mchanga, ghafla yakashika mwamba. Na mkanda wenye harufu ya oili ni sili, ile raba ya kuzuia oili, ya krenki (shafti ya injini) au ya giaboksi inayovuja. Hapo hata ubadilishe mikanda kumi hutapona.

Au ni grisi. Hapa nitubu. Nilipokuwa kijana gereji, nilipewa skuta nikafungua puli ya mbele nikaziona rola zimekauka kabisa, nikazihurumia. Nikazipaka grisi nzuri ya beringi. Rola zile zinatakiwa kufanya kazi kavu. Mzunguko ukaitupa grisi yote nje, kwenye sahani, kwenye mkanda, na mwenye skuta akarudi akiisukuma kwa mkono jua la adhuhuri. Alinitazama tu, hakusema kitu. Sahani husafishwa kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki na kitambaa safi, basi. Petroli inaacha mafuta, usiitumie.

Kwenu kuna adui mwingine ambaye watu wa bara hawamjui: vumbi jeupe la matumbawe na chumvi. Vumbi lile ni laini kama unga wa sembe, linaingia kwenye kava, linaziba sponji ya hewa kwenye zile kubwa na kujazana kwenye mapezi ya feni kwenye ndogo. Chumvi inazipa sahani za chuma kutu kwa usiku mmoja, na sahani yenye kutu ni msasa. Kwadi zikilala wiki moja wakati wa masika, kabla ya mgeni wa kwanza fungua kava, sugua kutu kwa kitambaa kikali, puliza vumbi nje. Sponji ioshwe, ikauke, irudishwe. Wengine huitupa ili hewa ipite vizuri. Hewa itapita, na mchanga pia.

Maji yakiingia, mfano umevuka mkondo wakati maji yanajaa, mkanda utateleza kama mtu mwenye sabuni mikononi. Usilazimishe. Kwadi kubwa nyingi zina kizibo cha kutolea maji chini ya kava: kifungue, yatoke, weka nyutro, pandisha na kushusha mafuta kwa sekunde kumi au kumi na tano ili puli ziyatupe yaliyobaki, kisha ufunge. Jaribu taratibu. Likirudi tatizo, rudia.

Mkanda mpya nao una eda yake. Kilomita kama 80 za mwanzo upewe kiongozi mwenye mkono mwepesi, mafuta nusu, mwendo wa kupanda na kushuka, bila mzigo mkubwa. Mbavu zinahitaji kuzoeana na sahani. Ukiufunga asubuhi na saa tatu ukampa kijana wa miaka ishirini anayetaka kurusha mchanga, utakuwa umenunua mkanda wa siku moja.

Nimebakiza fundi wa tatu, wa kuuza zote. Hajakosea kabisa. Honda wamebaki na gia za meno kwenye kwadi zao nyingi hadi leo, na giaboksi ya meno haijui kiuno cha nyigu. Ingekuwa kwadi zako ni za kubeba mizigo shambani na anayeziendesha ni mtu mmoja anayejua kazi, ningekuambia kanunue. Lakini wateja wako ni watu ambao wengine hawajawahi kushika hata pikipiki. Wape klachi au gia za mguu, utahamisha gharama kutoka kwenye mikanda kwenda kwenye klachi, na pengine kwenda hospitali. Kwa kazi yako ningebaki na mkanda, nikaweka wawili wa akiba kwenye begi la kiongozi pamoja na spana zake, na nikamfundisha kuubadilisha kivulini kabla hajalazimika kuubadilisha juani.

Na siku atakapobadilisha njiani, mwambie asiharakishe kufunga kava. Mkanda ukipasuka unatema nyuzi ndefu ngumu, na hizo hujisokota kwenye shafti nyuma ya sahani ya mbele kama uzi ulionasa kwenye cherehani. Zisipotolewa zote, zinakula sili ya krenki, oili inavuja polepole juu ya mkanda mpya, na wiki ijayo utaniandikia tena kuhusu mkanda wa sita. Atumie koleo na tochi, azungushe puli kwa mkono, atoe hadi uzi wa mwisho.